Nukta Kumi na Moja za Mlima Lugala

Mwaka 1995 bwana shamba wa kata alisimama kwenye mpaka wa shamba la Raheli, akatoa kitabu chake, akamwandikia faini ya shamba chafu. Shamba lenyewe lilikuwa ekari tatu za uwele na karanga chini ya Mlima Lugala, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mlali. Uchafu wake ulikuwa visiki. Kila mwaka kabla ya mvua majirani waling'oa visiki vyao au wakavichoma, mashamba yakabaki meupe kama ua uliofagiliwa. Raheli aliviacha vyake. Kisiki kikichipua vichipukizi kumi, alikata vinane kwa panga, akabakiza viwili vilivyonyooka, akavitunza mwaka hata mwaka mpaka vikawa miti.

"Mama, sheria ndogo inasema shamba lisafishwe," bwana shamba alimwambia.

"Imeandikwa na nani?"

"Halmashauri."

"Halmashauri imewahi kulima hapa?"

Hakulipa. Aliitwa ofisi ya kata mara tatu, akaenda mara tatu, kila safari amebeba chakula chake, ili asije akaonekana ana haraka ya kurudi nyumbani. Alikaa kwenye benchi mpaka mtendaji akachoka yeye. Karatasi ya faini akaiwashia moto wa kupikia mlenda.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu usichana. Wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini alikuwa na miaka ishirini na mimba ya miezi saba. Lori la serikali lilipokuja kuwachukua yeye na mumewe Meshack, alikataa katakata kupanda mpaka jiwe lake la kusagia lipakiwe kwanza. Mgambo walimwambia huko waendako kuna mashine. Akajibu kwamba mashine hiyo hajaiona, lakini jiwe analiona. Walilipakia wakicheka. Mashine ilifika miaka kumi na moja baadaye, na katika miaka hiyo nusu ya kijiji ilisaga kwenye jiwe la Raheli. Mtoto aliyezaliwa walimpa jina la Nyemo, yaani furaha kwa Kigogo, na tangu hapo watu wakamwita mama yake Mama Nyemo. Kusoma alijifunzia kwenye madarasa ya watu wazima, mtoto mgongoni, na alipokwisha kujua hakuwahi kutia dole gumba kwenye karatasi yoyote. Alisoma kwanza, ndipo akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizosimama wima.

Biashara ilipoachiwa huru, kila mwenye lori akawa mfanyabiashara. Chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua karanga kilikufa polepole, mizani yake ikaota kutu ghalani, na wanaume waliokuwa wakisubiri malipo ya karanga wakageukia mlima. Mkaa ulikuwa na mnunuzi kila siku. Malori yalisimama barabara kuu, yakapakia magunia, yakaondoka Dar es Salaam. Katika miaka minane upande wa mlima unaotazama kijiji ulipukutika kama kichwa chenye mapunye. Mwaka 2001 mkutano mkuu wa kijiji ukakubali kuutenga Mlima Lugala kuwa msitu wa kijiji, mtu asikate bila kibali, na sehemu iliyokwisha kukatwa ikaanza kuota upya. Walau ndivyo watu walivyoamini.

Miaka miwili baadaye alifika mtaalamu wa misitu kutoka chuo kikuu, jina lake Octavian, pamoja na msaidizi wake Aneth, binti wa Kihaya aliyevaa viatu vya kijeshi. Octavian alijifunza salamu ya Kigogo njiani. Alipoingia darasani shuleni, ambako watu walikusanyika, akasema "Mbukwenyi!" kwa sauti kubwa, watu wakampenda kabla hajasema neno la pili.

"Kaboni," alieleza, "ni ule mkaa uliomo ndani ya mti kabla mti haujachomwa. Mti unauvuta kutoka hewani na kuuweka mwilini. Ukikausha mti ukaupima, karibu nusu ya uzito wake ni hiyo kaboni. Sasa nchi zenye viwanda vingi zinachafua hewa, na wako watu huko wanaotaka kulipa ili misitu isimame. Lakini hawalipi maneno. Wanalipa tani, na tani lazima zipimwe."

Batholomeo, mdogo wake Meshack, alinyoosha mkono. "Mtaalamu, kwa hiyo sisi tuliouza mkaa miaka yote tulikuwa tunauza kaboni?"

"Mlikuwa mnaiuza, ndiyo. Na kuirudisha hewani."

Darasa zima lilicheka, na Batholomeo akacheka kuliko wote.

Mwenyekiti wa kijiji, Sostenes, alisoma majina sita ya watu watakaofundishwa kupima. Wote wanaume, na Batholomeo kiongozi wao. Raheli akasimama.

"Mwenyekiti, umesoma sita. Mimi ni wa saba."

"Mama Nyemo, kazi hii ni ya kupanda mlima."

"Na kuni mnazopikiwa huwa zinashuka kutoka wapi? Mbinguni?"

Wanawake walipiga vigelegele. Octavian, ambaye alikuwa akihitaji mtu anayejua majina ya miti, alimwambia Sostenes kwamba saba ni hesabu nzuri.

Siku ya kwanza ya mafunzo Octavian aliwaambia kila mti unapimwa unene wake kwenye kimo cha kifua.

"Kifua cha nani?" Raheli aliuliza. "Changu au chako? Maana mimi nikisimama, kifua changu kiko kwenye mkanda wako."

Octavian aliutazama mkanda wake, kisha akaeleza vizuri: mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini, basi. Kila mmoja akakatiwa fimbo ya urefu huo. Walifundishwa kufunga kamba ya mita kumi na tano kwenye kigingi na kuzunguka nayo, na kila mti ulio ndani ya mzunguko upimwe, ulio nje uachwe hata kama ni mzuri vipi. Mti uliogawanyika chini ya kifua ni miti miwili. Uliogawanyika juu ni mmoja. Kwenye ramani ya mlima Octavian alikuwa amepanga nukta arobaini na mbili, na Aneth alikuwa na kidude cha mkononi kinachozungumza na setilaiti, chenye kuwaambia kwamba sasa nukta iko hatua thelathini mbele, sasa kumi, sasa simama.

"Kwa nini tusipime pale penye njia?" Batholomeo aliuliza.

"Kwa sababu njia huchagua mahali rahisi," Aneth alijibu. "Nukta haichagui. Inapoangukia ndipo tunapokwenda, pawe pazuri pawe pabaya. Tukichagua wenyewe tutajidanganya."

Raheli aliyashika maneno hayo.

Kazi ilimwingia mwilini. Miaka thelathini alikuwa amepita chini ya miti ile akiokota kuni na kuchuma dawa, lakini hakuwahi kuugusa mmoja mmoja, kuuzungushia mikono, kuutamka jina na kuuandika. Mninga, sentimita arobaini na moja. Mpingo, kumi na tatu. Myombo, ishirini na nane. Walipokuta mbuyu uliozidi tepu, wanaume walibishana kama uachwe. Raheli akauzungushia kamba, akaweka fundo, akailaza kamba chini na kuipima kwa fimbo yake, akihesabu inaingia mara ngapi. Jioni alimsimulia Meshack nukta za siku ile kama mtu anayesimulia habari za ndugu waliokuwa safarini.

Hadi mwisho wa Julai walikuwa wamepima nukta thelathini na moja. Zilibaki kumi na moja, zote upande wa magharibi, nyuma ya mlima, usikoonekana kijijini. Kila walipopanga kwenda huko Batholomeo alikuwa na neno. Mara mteremko ni mkali. Mara kuna nyuki wabaya waliomuua punda wa Wamasai. Mara leo kuna msiba. Na Octavian, ambaye alikuja mara moja moja na kurudi, alikuwa anadaiwa taarifa na waliomtuma kabla ya Agosti kwisha.

Siku ya kutia saini fomu, Raheli alikaribishwa ofisi ya kijiji, akapewa kalamu. Wenzake sita walikuwa wamekwisha kusaini. Alianza kusoma. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, hadi Sostenes akaanza kugonga meza kwa kucha.

Alipofika nukta ya thelathini na mbili akasimama.

"Hii ni ya magharibi."

"Ndiyo," alisema Octavian.

"Hatukwenda magharibi. Halafu tazama: mninga, arobaini na mbili. Myombo, ishirini na saba. Hii ni nukta ya kumi na mbili mmeinakili, mmeongeza sentimita moja hapa mkapunguza moja pale. Naukumbuka mninga ule, una mzinga wa nyuki."

Octavian alivua miwani yake. Hakuwa mtu mwovu, alikuwa mtu aliyechelewa. "Mama, haya ni makadirio. Msitu ni ule ule, mlima ni ule ule. Muda umetuishia."

"Kama ni makadirio, andika makadirio. Hapa pameandikwa *mpimaji*, na chini yake mmeweka jina langu. Jina langu halijapanda huko."

"Mama Nyemo," Sostenes aliingilia, "taarifa hii isipokwenda, malipo ya majaribio hayaji. Kijiji kizima kinakusubiri wewe. Unataka tukose?"

"Nataka twende magharibi."

"Hakuna muda!"

"Basi na saini hakuna."

Akaiweka kalamu mezani, akafunga khanga yake vizuri, akaondoka.

Jua likielekea kutua, Batholomeo alikuja nyumbani na kilo mbili za sukari na khanga mpya bado imekunjwa. Meshack alikuwa zizini anakamua. Batholomeo alikaa kwenye kigoda, akauliza hali za watoto, akausifu uwele uliokuwa uchagani, kisha akasema, "Shemeji, ni saini tu. Kwani saini ina uzito gani?"

"Kuna nini magharibi, Batholomeo?"

"Nimeshasema. Nyuki."

"Nyuki gani hao wanaoogopa tepu?"

"Mwambie," Meshack alisema kutoka zizini, bila kuacha kukamua.

Batholomeo aliinuka. Raheli alimrudishia sukari mkononi na khanga juu yake, akamsindikiza hadi nje kama mgeni yeyote. Aliporudi, Meshack alikuwa amesimama na kibuyu cha maziwa.

"Sukari ingebaki," alisema.

Asubuhi yake Raheli alikwenda kwa Aneth, aliyekuwa amepanga chumba nyumba za walimu. Alimkuta anafunga mizigo.

"Binti yangu, niazime kile kidude siku nne."

"Siwezi, mama. Kikipotea, mshahara wangu wa mwaka mzima haukilipi. Na mkataba wangu unaisha Desemba. Bosi akijua…"

"Wewe ndiye uliyetuambia nukta haichagui."

Aneth alikaa kitandani. Alizungusha kamba ya kiatu chake kidoleni, akaifungua, akaizungusha tena. "Sitakuazima," alisema mwishoni. "Nitakuja nacho mwenyewe."

Waliondoka wanne: Raheli, Aneth, jirani yao Jenifa, mjane aliyejua kila njia ya kuni, na Meshack na fimbo yake ya kuchungia, kwa sababu alisema mke wake akiliwa na nyuki yeye hajui kupika. Walizunguka mlima kwa kusini wakashuka upande wa pili. Nukta mbili za kwanza zilikuwa msitu wa kweli, umefungana, walikaa nazo siku nzima. Siku ya pili mwanga ukazidi. Raheli alishangaa kwanza kwa nini kumekuwa na jua hivyo, kisha akaona.

Mlima ulikuwa umenyolewa. Pale penye nukta ya thelathini na nne palikuwa na duara jeusi la tanuri la mkaa, na jingine chini yake, na jingine. Visiki vilikuwa vibichi, vingine bado vinatoka utomvu. Jenifa, ambaye alikuwa haogopi nyoka, alijifunika uso kwa khanga. Hakukuwa na nyuki hata mmoja.

Kwenye nukta ya thelathini na saba tanuri lilikuwa linafuka moshi. Kando yake, imeegemezwa kwenye rundo la magogo, ilikuwapo baiskeli yenye mkia wa plastiki nyekundu kwenye usukani. Wenye tanuri walikuwa wamekimbia waliposikia sauti. Meshack aliiendea baiskeli ile, akaishika kiti, akakibonyeza kana kwamba anajaribu upepo wa tairi. Alikuwa ameinunua yeye, kwa ng'ombe dume, siku mdogo wake alipooa.

Raheli alimtazama. Kalamu ilikuwa mkononi mwake na haikutembea.

"Andika," Meshack alimwambia.

Akaandika. Nukta ya thelathini na saba: miti hakuna.

"Hapo tunaweka sifuri," Aneth alisema. "Fomu haina mahali pa visiki."

"Sifuri nayo ni uongo. Hebu tazama." Raheli alipiga magoti, akaondoa majivu kwa kiganja. Kwenye shina la kisiki cha myombo, kilichokatwa msimu uliotangulia, vilikuwa vimetoka vichipukizi vyekundu kama ulimi wa mbuzi. "Hiki hakijafa."

"Kaboni yake ni ndogo mno, mama. Na nani anajua kama vitakua?"

Siku ya tano, kazi ilipokwisha, Raheli alimchukua Aneth hadi shambani kwake, kwenye ule uchafu wa bwana shamba. Alimwonyesha mti mmoja baada ya mwingine, akimtajia mwaka aliokiacha kisiki. Aneth alizungusha tepu. Cha miaka mitano: sentimita saba. Cha miaka minane: kumi na moja. Aneth akapima tena, kisha akatoa zile fomu zenye majivu na, pembeni mwa kila nukta iliyonyolewa, akaandika idadi ya visiki vyenye uhai. Vilikuwa mia mbili na sita.

Mkutano mkuu uliitishwa wiki iliyofuata. Octavian alikuja kufunga awamu ya kwanza na Sostenes alikuwa amevaa kofia yake ya sherehe. Raheli aliomba nafasi. Alinyimwa. Akasimama hata hivyo, akafungua fomu, akaanza kusoma kwa sauti aliyotumia kuita ng'ombe.

"Nukta ya thelathini na nne. Miti hakuna. Visiki kumi na tisa. Nukta ya thelathini na tano. Mti mmoja, mgunga, sentimita sita. Visiki ishirini na saba…"

"Mama Nyemo, kaa chini!"

"Nukta ya thelathini na sita. Miti hakuna. Matanuri mawili."

Zogo likaanza. Mtu alipiga kelele kwamba mwanamke huyu anakichongea kijiji. Mwingine akasema malipo yatapungua, na kwamba alaaniwe. Sostenes akatangaza mkutano umefungwa, akaondoka hatua tano, akaona hakuna anayemfuata, akarudi. Raheli alikuwa amefika nukta ya arobaini. Alimaliza zote, ndipo akakunja karatasi.

"Malipo yatapungua, ndiyo," alisema. "Lakini nisikilizeni. Mtaalamu alituambia hapa hapa kwamba miaka mitatu ijayo watakuja kupima tena, na watalipa kilichoongezeka. Leo tukiandika miti ambayo haipo, siku hiyo tutaipeleka wapi? Watasema tumeikata, na kweli watakuwa wamesema. Lakini tukiandika visiki kama vilivyo, na tukaviacha vikue, kila kichipukizi kitahesabiwa. Chagueni: mnauza msitu au mnauza mwaka mmoja?"

Batholomeo alisimama katikati ya wanaume. "Unaniuza, shemeji? Mbele ya kaka yangu?"

"Mimi nimesoma nukta. Jina lako sikulitaja. Umelitaja wewe."

Watu waligeuka, mmoja mmoja, wakamtazama Batholomeo, kisha wakamtazama Sostenes, ambaye ndiye aliyekuwa na mhuri wa kijiji, na bila mhuri gunia halipandi lori. Jenifa aliinuka. Mjane yule hakuwahi kusema mkutanoni maisha yake yote. "Mimi nilikuwepo," alisema. "Baba Nyemo alikuwepo. Na huyu binti wa chuo alikuwepo." Akaketi.

Octavian alimtazama Aneth, na Aneth hakuinamisha macho. Mtaalamu alizikunja juu ya magoti fomu zake safi, zilizopigwa chapa. Kisha akanyoosha mkono kwa Raheli.

"Nipe hizo zenye majivu," alisema. "Utanichelewesha mwezi mzima, mama."

"Miti haijui Agosti yako, baba."

Taarifa ilichelewa. Malipo ya kwanza yalikuja pungufu kwa zaidi ya robo, na Raheli aliyalipia kwa njia nyingine. Kisimani wanawake waliacha kumpisha. Jirani aliyekuwa akimwazima ungo alisema ungo umetoboka. Ukoo uliita kikao, wazee wakamtaka amwombe radhi shemeji yake na apeleke mbuzi. Aliwasikiliza wote hadi mwisho, akawaamkia kwa heshima, akasema mbuzi anao lakini kosa halioni. Meshack alipoulizwa anasemaje kuhusu mke wake, alisema baiskeli aliiona kwa macho yake mwenyewe.

Kuna siku lakini alichoka. Jenifa alimkuta shambani ameketi juu ya jembe, machozi yanamtiririka, anasema laiti angesaini tu kama wenzake. Jenifa hakumbembeleza. Alichukua panga, akaanza kupunguza vichipukizi kwenye kisiki kilichokuwa karibu, akavikata vibaya kwa makusudi, mpaka Raheli akainuka kumnyang'anya.

Mkutano uliofuata kijiji kilipitisha sheria kali zaidi, doria ya zamu ikaanza, na njia ya lori upande wa magharibi ikazibwa kwa mawe. Mkaa haukwisha kabisa, hauishi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2004 Sostenes aliangushwa kwa kura nyingi, akabaki na kofia. Batholomeo alihamia Ihumwa kufyatua matofali. Kwenye misiba hukutana na shemeji yake, humwamkia, hula sahani moja na kaka yake, lakini ndani ya nyumba ya Raheli hajaingia tena, naye Raheli hakumwita.

Walipopima tena mwaka 2006, Raheli alikuwa kiongozi wa kikosi na Aneth, aliyepewa mkataba mwingine baada ya vuta nikuvute, alikuwa msimamizi wake. Kati ya vile visiki mia mbili na sita, vilivyobaki hai vilikuwa mia moja na themanini. Upande wa magharibi ndio uliokuwa umeongeza kuliko pande zote, kwa kuwa ulianza karibu na hakuna na kila kilichoota kilikuwa kimeandikwa. Malipo ya mara ile yaliezeka madarasa mawili. Wengine waliokuwa wamemlaani walikuja kumwamkia mapema asubuhi, akawapokea. Wengine hawakuja, naye hakuwatafuta.

Mwaka huo huo walimwita Dodoma mjini kwenye mkutano wa wataalamu, ukumbi wenye mapazia mazito na chupa ya maji mbele ya kila kiti. Octavian alionyesha takwimu za Mlima Lugala ukutani. Bwana mmoja wa ofisi kubwa, mwenye suti ya kijivu, akainua mkono akasema takwimu ni nzuri, ila zimekusanywa na wanakijiji, na hesabu ya wanakijiji hakuna mnunuzi atakayeiamini.

Octavian alisema wapimaji wa chuo walirudia nukta kumi ili kulinganisha. Nukta tisa zilikaribiana sana. Ya kumi, yaani nukta ya kumi na tisa ya mlima, ilipishana.

"Mnaona?" alisema yule bwana.

Raheli alikuwa amekaa safu ya nyuma. Alisimama bila kuomba kipaza sauti.

"Shikamooni, waheshimiwa. Nukta ile walikosea wao. Walipima mti mkubwa wa mkambala ulio nje ya kamba."

"Mama umejuaje?"

"Nilikuwepo nimeshika kamba. Niliwaambia, wakasema nisiwasumbue."

Ukumbi ulicheka, na Octavian akainamisha kichwa chini kuficha kicheko chake. Bwana wa suti hakucheka. Alisema jambo hilo litaangaliwa.

"Lini?" Raheli aliuliza.

"Tutapanga."

"Mimi nina shamba, baba, na mvua hazipangi. Taja siku."

Yule bwana alimwangalia, akaona hatakaa chini. Akataja Jumanne ya pili ya Septemba, na Raheli akamwomba Aneth aiandike.

Alikuja kweli, na gari jeupe na viatu visivyofaa. Alipumzika mara nne njiani, mara ya nne Meshack akamwazima fimbo. Raheli alipigilia kigingi, akamkabidhi yeye mwenyewe ncha ya kamba, akamwambia aivute mpaka ikaze kuelekea mkambala ule. Bwana alivuta. Kamba iliishia hewani, na kati yake na gome la mti palibaki nafasi ya mtu mzima kupita na mzigo wake wa kuni. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi.

"Usiikate," Raheli alimwambia. "Ndiyo tuliyo nayo."

Bwana aliachia kamba, akafuta jasho, akaomba fomu. Alikata kwa mstari mmoja hesabu ya chuo, akaandika juu yake ile ya kijiji, na alipofika mahali pa shahidi akamuuliza Raheli jina lake kamili linaandikwaje.